Mwili wa Nani? Historia ya Vazi la Baleti na Siasa Zake

Huenda msomaji akajiuliza mjadala wa siasa na jamii una uhusiano gani na sketi za wacheza baleti. Uhusiano upo, na ni wa karibu kuliko tunavyodhani. Baleti ni sanaa iliyolelewa ikulu kwa hazina za wafalme, kisha ikaingia mikononi mwa serikali, matajiri na wauza tiketi. Katika kila hatua ya safari hiyo walikuwapo watu wenye mamlaka ya kuamua ni mwili upi utakaoonekana jukwaani, uonekane kwa kiasi gani, na mbele ya macho ya nani. Maamuzi hayo hayakuandikwa sana katika vitabu vya sheria. Yalishonwa katika nguo. Anayetaka kuyasoma hana budi kufuata pindo la sketi, jinsi lilivyopanda na kushuka kwa karne tatu na nusu.

Vazi linalojulikana zaidi katika sanaa hiyo ni tutu. Lipo kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni sketi yenye umbo la kengele, inayoishia kati ya goti na kifundo cha mguu. Ya pili ni fupi na ngumu, iliyoshonwa kwa matabaka kumi au zaidi ya kitambaa cha wavu, ikatanuka kuzunguka nyonga kama sahani. Jina lenyewe limetoka katika Kifaransa cha mtaani cha karne ya 19, na maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba lilizaliwa na neno la kitoto la kutajia makalio. Vazi linalohesabiwa leo kuwa kilele cha adabu na usafi lilipewa jina na watu waliokuwa wakitazama kitu kingine kabisa. Tutarudi kwa watazamaji hao.

Jua la mfalme

Mwezi Februari 1653, mjini Paris, kijana wa miaka 14 aliingia ukumbini akiwa amevaa vazi la dhahabu lenye miale ya jua. Alikuwa mfalme Louis XIV, na onyesho hilo, Ballet de la Nuit, lilidumu usiku mzima hadi yeye alipotokea mwishoni kama jua linalochomoza. Ufaransa ilikuwa inatoka katika vita vya ndani vilivyojulikana kama Fronde, ambamo wakuu wa nchi walikuwa wamethubutu kuinua silaha dhidi ya taji. Walioketi na walioshiriki katika ukumbi ule walikuwa miongoni mwa tabaka lilelile lililoasi. Vazi lile lilikuwa hotuba. Liliwaambia kwamba usiku wa fujo umekwisha, na kwamba mwanga wote utatoka mahali pamoja. Miaka minane baadaye, mwaka 1661, mfalme huyo alianzisha chuo cha kifalme cha uchezaji, na kanuni za baleti zikawa sehemu ya utawala.

Kwa hiyo mwili wa kwanza kuvikwa kwa fahari katika baleti ulikuwa wa mwanamume mtawala. Wacheza wa kiume walivaa sketi fupi zilizokazwa kwa waya au mifupa ya nyangumi, nywele za bandia, barakoa na viatu vya visigino. Katika jukwaa la Opera ya Paris, tofauti na kumbi za ikulu ambako mabibi wa kifalme walicheza, wanawake weledi hawakuonekana hadi mwaka 1681. Kabla ya hapo wanaume waliovaa barakoa walicheza nafasi za kike. Wanawake walipopanda jukwaani, walikuja na uzito wote wa mavazi ya ikulu: koseti iliyobana mbavu, sketi pana iliyotanuliwa kwa fremu pande zote mbili za nyonga, na pindo lililofagia sakafu. Mguu wa mwanamume ulionekana na kusifiwa, ilhali wa mwanamke ulikuwa siri.

Mapambano ya kwanza juu ya nguo za baleti yalikuwa mapambano ya kikazi. Marie Camargo, aliyeanza kucheza Opera ya Paris mwaka 1726, alikuwa na wepesi wa kuruka na kugonganisha miguu hewani, ufundi uliokuwa ukihesabiwa kuwa wa wanaume. Ufundi huo haukuwa na maana ikiwa hauonekani. Akapunguza pindo la sketi yake kiasi cha kuonyesha nyayo na vifundo. Kwa macho yetu ni tofauti ndogo mno, lakini iliibua maneno mengi mjini. Mwenzake na mshindani wake, Marie Sallé, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1734, jijini London, katika onyesho la hadithi ya Pygmalion, alitupa fremu ya sketi, akaacha nywele zake zianguke zenyewe, na akacheza akiwa na gauni jepesi la melimeli lililofuata umbo la sanamu za Kigiriki. Haikuwa ajabu kwamba alilifanya hilo London. Opera ya Paris ilikuwa taasisi ya mfalme, na taasisi ya mfalme haikupenda kuvuliwa koseti.

Mtunzi wa ngoma Jean-Georges Noverre alipochapisha barua zake maarufu mwaka 1760, akidai barakoa na nywele za bandia ziondolewe ili uso wa mchezaji uweze kusema, alikuwa akieleza kwa kalamu jambo ambalo wanawake hao wawili walikuwa wamelianza kwa mkasi. Mapinduzi ya 1789 yalikamilisha kazi. Nguo za ikulu zikawa alama ya hatari, visigino vikashuka, na jukwaa likajaa kanzu nyepesi za mtindo wa kale.

Wepesi na gharama zake

Tarehe 12 Machi 1832 ndiyo inayotajwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa tutu. Siku hiyo Opera ya Paris ilionyesha La Sylphide, baleti iliyotungwa na Filippo Taglioni kwa ajili ya binti yake Marie. Marie Taglioni alicheza kama pepo wa msituni anayependwa na kijana wa Uskoti, na ambaye hafi wala haishi kama binadamu. Vazi alilovaa, ambalo kwa desturi huhusishwa na msanii Eugène Lami, lilikuwa jeupe, mabega wazi, na sketi ya umbo la kengele iliyoruhusu watu waone alivyosimama juu ya ncha za vidole vyake. Ilionekana kana kwamba hagusi ardhi. Kuanzia hapo mwanamke akawa kitovu cha baleti, na mwanamume akasogezwa pembeni kuwa mhimili wa kumwinua.

Wanahistoria wa sanaa hupenda kueleza vazi hilo kwa roho ya zama zile: mapenzi, mizimu, mbalamwezi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Ili mwanamke aonekane kama mvuke, zilihitajika taa za gesi, ambazo Opera ya Paris ilianza kuzitumia mwaka 1822 na ambazo mwanga wake ungeweza kupunguzwa mpaka ukafanana na wa mwezi. Kilihitajika pia kitambaa cha wavu kwa wingi na kwa bei nafuu. Hapo kale wavu kama huo ulifumwa kwa mikono, polepole, na ulikuwa mali ya matajiri. Mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine ya kuufuma. Kiwanda chake cha Loughborough kilivamiwa mwaka 1816 na wafanyakazi waliovunja mitambo kwa hasira ya kupoteza riziki, naye akahamia Tiverton. Wingu jeupe lililozunguka miguu ya mapepo wa jukwaani lilitoka viwandani, na lilikuwa na wahanga wake hata kabla halijafika Paris.

Nyuzi za vitambaa hivyo vyepesi, wavu na melimeli, zilikuwa kwa kiasi kikubwa za pamba. Sehemu kubwa ya pamba iliyolisha viwanda vya Uingereza katika miaka hiyo ilitoka kusini mwa Marekani, ambako ilivunwa na watumwa. Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba hadithi hii iko mbali naye. Pamba ya mashamba hayohayo ilifumwa Massachusetts ikawa kitambaa kigumu kilichouzwa Unguja, hasa baada ya mkataba wa biashara uliotiwa saini mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Wazee wetu walikiita merikani. Mwaka mmoja tu unatenganisha mkataba huo na onyesho la kwanza la La Sylphide. Jasho la watu walewale lilivaliwa jukwaani Paris na kupimwa kwa mikono sokoni Unguja, na hakuna mahali ambapo mvaaji aliulizwa limetoka wapi.

Moto

Taa za gesi na sketi za pamba zilikuwa mchanganyiko wa mauti. Melimeli na wavu vina hewa nyingi kati ya nyuzi, na vikishika moto haviungui polepole kama sufu. Vinalipuka. Mwezi Desemba 1844, katika ukumbi wa Drury Lane jijini London, sketi ya Clara Webster ilishika moto wa taa mbele ya watazamaji, naye akafa siku chache baadaye. Mwezi Septemba 1861, huko Philadelphia, moto ulizuka katika chumba cha kuvalia cha ukumbi wa Continental, ukapita kutoka sketi moja hadi nyingine, na wacheza kadhaa wakafa, wakiwemo ndugu wa familia moja ya Gale.

Anayekumbukwa zaidi ni Emma Livry. Alikuwa mwanafunzi mpendwa wa Marie Taglioni, ambaye mwaka 1860 alimtungia baleti, muziki ukiwa wa Jacques Offenbach, juu ya msichana aliyegeuzwa kipepeo akavutwa na mwenge mpaka mbawa zake zikanyauka. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi Opera ya Paris, Livry alikung'uta sketi yake karibu na taa ya gesi. Moto ukampanda, naye akakimbia jukwaani hadi alipokamatwa na kufunikwa blanketi. Aliishi kwa mateso kwa miezi minane, akafa Julai 1863 kabla hajatimiza miaka 21. Mabaki ya nguo yake yamehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Opera.

Jambo la kuzingatia ni kwamba dawa ilikuwapo. Mbinu ya kulowesha nguo katika maji ya chumvi za madini ili zisishike moto ilikuwa inajulikana, na amri ya serikali ya mwaka 1859 ilitaka nguo na mapambo ya jukwaani yatiwe dawa hiyo. Wacheza wengi waliikataa, Livry akiwa mmoja wao, kwa sababu iliufanya wavu uwe mgumu, mzito na wenye rangi ya manjano. Ni rahisi kusema kwamba walijitakia. Tujiulize kwanza walikuwa wakiajiriwa kwa ajili ya nini. Thamani ya mchezaji sokoni ilikuwa wepesi na weupe wake. Taasisi iliyomlipa kwa kuonekana kama pepo, kisha ikamwachia yeye mwenyewe achague kati ya usalama na mkate wake, haiwezi kunawa mikono. Mabishano haya bado tunayasikia katika machimbo, viwanda na maeneo ya ujenzi kila mfanyakazi anapolaumiwa kwa kuvua kofia ngumu, bila mtu kuuliza nani alipanga kazi kwa namna inayomfanya aivue.

Watazamaji wa nyuma ya pazia

Tumeshagusa jina la vazi na macho yaliyolipa jina hilo. Katika Opera ya Paris ya nusu ya pili ya karne ya 19, matajiri waliolipia viti vya mwaka mzima walipata haki ya ziada: kuingia nyuma ya jukwaa, katika ukumbi ambamo wacheza walinyoosha viungo kabla ya kutoka. Jengo jipya la Palais Garnier, lililofunguliwa mwaka 1875, lilitengewa ukumbi wa fahari kwa shughuli hiyo. Wasichana wengi walitoka katika familia maskini, walianza kazi wakiwa watoto, na mshahara wao haukuwatosha. Ufadhili wa mwanamume mwenye fedha ulihesabiwa kuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya kazi, na mara nyingi mama mzazi ndiye aliyekuwa mpatanishi. Katika picha za Edgar Degas wanaume hao wapo, wamevaa suti nyeusi na kofia ndefu, wamesimama pembezoni mwa pazia wakisubiri.

Degas pia alitengeneza sanamu ya nta ya msichana wa miaka 14, akaionyesha mwaka 1881 ndani ya kabati la kioo. Aliivisha sketi ya kitambaa halisi na kuifunga nywele kwa utepe halisi. Baadhi ya wahakiki walishtuka. Walisema uso wake ni wa mnyama na kwamba mahali pake ni katika makumbusho ya sayansi. Msichana aliyekuwa kielelezo aliitwa Marie van Goethem. Baba yake alikuwa fundi wa nguo, mama yake alikuwa dobi. Mwaka 1882 Opera ilimfukuza kazi kwa utoro, na baada ya hapo kumbukumbu za maisha yake zinakauka. Sanamu iliyotokana na mwili wake ilinakiliwa kwa shaba baada ya kifo cha Degas, na leo nakala zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Sketi za nakala hizo huchakaa, nao wahifadhi huzibadilisha kwa uangalifu mkubwa. Sketi ya sanamu imepata matunzo ambayo mwenye mwili hakuyapata.

Petersburg na mkasi wa Waitalia

Wakati Paris ikizama katika desturi hizo, kitovu cha baleti kilihamia Urusi. Kumbi za kifalme za St. Petersburg zilikuwa chini ya ikulu ya tsari, na wacheza wake walisomeshwa na kulipwa na dola. Mnamo miaka ya 1880 na 1890 waliingia huko wanawake wa Kiitalia wenye ufundi wa miguu uliowashangaza Warusi. Virginia Zucchi, aliyefika mwaka 1885, alipambana na uongozi juu ya urefu wa sketi na kushikilia kuvaa fupi. Pierina Legnani alizunguka mara 32 juu ya mguu mmoja mwaka 1893 katika Cinderella, akarudia tendo hilo katika Swan Lake mwaka 1895. Kwa kazi ya namna hiyo kengele ya Taglioni ilikuwa kizuizi. Sketi ikapanda juu ya goti, kisha juu zaidi, mpaka ikawa sahani tunayoijua.

Hoja ya Camargo ilikuwa imerudi baada ya miaka 150: kazi ya miguu yangu ionekane. Ni kosa, basi, kuieleza tutu fupi kuwa uchi uliowekwa kwa starehe ya wanaume peke yake, kama ilivyo kosa kuieleza kuwa ushindi mtupu wa wanawake. Vazi lilelile lilimpa fundi nafasi ya kuonyesha ufundi wake na likampa mwenye kiti cha mbele nafasi ya kuangalia paja lake. Aliyevaa hakuwa na uwezo wa kuchagua ni lipi kati ya hayo mawili litakalomlipa.

Wanaume nao hawakuwa huru. Mwaka 1911 Vaslav Nijinsky alicheza Giselle huko Petersburg akiwa na vazi lililobuniwa na Alexandre Benois, la soksi ndefu za kubana bila kaptura iliyozoeleka kuvaliwa juu yake. Alifukuzwa katika kumbi za kifalme. Kufukuzwa huko kulimwachia huru Sergei Diaghilev amtumie mwaka mzima katika kundi lake la Ballets Russes, ambalo lilikuwa limeanza kuiteka Paris mwaka 1909. Huko mchoraji Léon Bakst alitupa tutu kando na kuleta suruali pana, lulu na rangi za moto, na wabunifu wa mitindo wa Paris wakamfuata. Lakini tusisahau hadithi zilizovalishwa nguo hizo. Katika Schéhérazade ya mwaka 1910 Nijinsky alicheza mtumwa katika nyumba ya masuria, mwili wake ukiwa umepakwa rangi ya kuufanya mweusi. Mashariki na Afrika viliruhusiwa jukwaani kama rangi ya kupaka na kunawa.

Soksi za "rangi ya mwili"

Hapa ndipo historia hii inapotugusa moja kwa moja. Pamoja na tutu, mcheza baleti wa kike huvaa soksi ndefu za waridi na viatu vya satini vya waridi. Sababu ya kisanaa inaelezeka: mguu na kiatu vikiwa na rangi moja, mstari wa mguu huonekana mrefu bila kukatika. Rangi hiyo ilichaguliwa ili ifanane na ngozi, na katika biashara ikaitwa rangi ya mwili. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza mwili wa nani.

Jibu lilijitokeza pale watu weusi walipobisha hodi. Mmarekani Janet Collins alipojaribiwa na kundi la Ballet Russe de Monte Carlo, aliambiwa kwamba akichukuliwa itabidi apakwe rangi nyeupe usoni. Alikataa, akaondoka, na mwaka 1951 akawa mcheza mkuu wa baleti katika Metropolitan Opera ya New York. Mwaka 1955 kundi lilelile la Monte Carlo lilimwajiri Raven Wilkinson, ambaye ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde iliyofifia, naye akacheza kwa kujipaka poda ya kumfanya mweupe. Katika ziara za majimbo ya kusini alitishwa na wafuasi wa Ku Klux Klan. Hatimaye alihamia Uholanzi ili aendelee na kazi yake. Linganisha na Nijinsky: mzungu alipakwa weusi apigiwe makofi, na mwanamke mweusi akapakwa weupe apate ruhusa ya kusimama.

Katika miaka hiyohiyo George Balanchine, mtunzi wa ngoma wa New York City Ballet, alikuwa na njia mbili za mavazi. Kwa upande mmoja alifanya kazi na mshonaji mahiri Barbara Karinska, aliyebuni mwaka 1950 tutu laini isiyo na waya, ambayo sketi zake hazigongani wacheza wanapokaribiana. Kwa upande mwingine alivua kila pambo na kuwapandisha jukwaani wakiwa na nguo za mazoezi, nyeusi na nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa katika Agon, iliyoonyeshwa Desemba 1957. Arthur Mitchell, mwanamume mweusi, alicheza pamoja na Diana Adams, mwanamke mweupe, mikono yao ikishikana na viungo vyao vikizungukana. Miezi michache kabla, wanajeshi walikuwa wametumwa Little Rock, Arkansas, kuwalinda wanafunzi tisa weusi wasizuiwe kuingia shule. Nguo zilipoondolewa, ngozi ndiyo ikawa vazi, na kila aliyekuwa ukumbini alijua anatazama nini.

Mitchell huyo, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968, alirudi mtaani kwake na kuanzisha pamoja na Karel Shook kundi la Dance Theatre of Harlem mwaka 1969. Katika miaka ya 1970 wacheza wa kundi hilo waliacha waridi, wakavaa soksi na viatu vilivyotiwa rangi kulingana na ngozi ya kila mmoja. Mstari wa mguu haukukatika. Hoja ya kisanaa ilitimizwa kikamilifu, na waliokuwa wakisema waridi ni lazima kwa ajili ya uzuri walibaki bila hoja.

Soko halikufuata upesi. Kwa miongo kadhaa wacheza weusi waliendelea kupaka viatu vyao vipodozi vya uso, jozi baada ya jozi, kwa fedha na muda wao. Kampuni ya Freed ya London, inayotengeneza viatu vya baleti tangu mwaka 1929, ilileta viatu vya ncha vya rangi ya kahawia na shaba mwaka 2018, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black. Mnamo mwaka 2020 wafanyakazi weusi na machotara wa Opera ya Paris, taasisi ile ya Louis XIV, walitoa waraka wa wazi kudai mabadiliko, yakiwemo vipodozi, soksi na viatu vinavyolingana na ngozi zao, na ripoti iliyoandikwa na mwanahistoria Pap Ndiaye na Constance Rivière mwaka 2021 ikaunga mkono madai hayo. Miaka 360 ilikuwa imepita tangu kuanzishwa kwa chuo cha mfalme.

Michaela DePrince alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, akawa yatima wa vita. Akiwa katika nyumba ya yatima aliokota gazeti lenye picha ya mcheza baleti aliyevaa tutu, akaificha na kuitunza. Alilelewa baadaye na familia ya Kimarekani, na mama yake mlezi alilazimika kutia rangi mikanda ya nguo zake za jukwaani, kwa sababu mikanda ya "rangi ya mwili" iliyouzwa madukani ilikuwa ya mwili wa mwingine. Alicheza Dance Theatre of Harlem, kisha akapanda ngazi katika kundi la taifa la Uholanzi, nchi ileile iliyompokea Wilkinson. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 29.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa Sierra Leone kuota tutu ni ushahidi wa akili iliyotawaliwa, na kwamba Mwafrika ana ngoma zake. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini inakubali jambo ambalo historia inalikanusha, yaani kwamba vazi hili ni mali halali ya watu fulani. Limefumwa kwa pamba ya watumwa, kwa mashine zilizowanyima wafumaji riziki, likavaliwa na mabinti wa madobi, likashonwa na mafundi ambao majina yao hayamo katika programu za maonyesho. Hakuna tabaka wala taifa lenye hati ya kulimiliki peke yake. Leo Nairobi wapo watoto wa Kibera wanaojifunza baleti. Suala la haki si kama wanaruhusiwa kutamani. Suala ni kama watakapofika mlangoni wataambiwa wajipake kitu ndiyo waingie.

Hilo haliishii kwenye baleti. Kila taasisi ina sare yake, na kila sare ilipimwa kwanza juu ya mwili wa mtu fulani: kanuni ya nywele za wanafunzi, suti na tai katika joto la pwani, joho na nywele za bandia za mahakama zilizoachwa na wakoloni. Waliozirithi hutuambia kwamba ni za heshima tu, kwamba hazina siasa. Ndivyo walivyosema pia waliotetea barakoa za Opera, dawa isiyotumika, milango ya nyuma ya jukwaa na soksi za waridi. Kila mara ilipatikana njia nyingine bila sanaa kuporomoka, na kila mara aliyeidai alikuwa yule ambaye vazi lilimbana.